Mafuta ya mjane na rejesho la wiki: namna ya kupata funzo katika kisa cha Biblia

Swali la msomaji, Mbagala, Dar es Salaam:

"Bwana Yesu asifiwe. Ninaongoza jumuiya yetu ya mtaani. Tuko kama kumi na tano, wengi akina mama wenye biashara ndogondogo na vijana wachache. Alhamisi ijayo ni zamu yangu kufundisha 2 Wafalme 4:1-7, mjane na chupa ya mafuta. Mhubiri aliyepita kwetu alisema mafuta ni Roho Mtakatifu, vyombo ni imani, kufunga mlango ni maombi ya siri, na kwamba asiyetaka mafuta yake yakome alete chombo chake madhabahuni, yaani sadaka. Sasa mama mmoja mwenye mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ananiuliza: akiitoa hela ya rejesho la wiki hii iwe mbegu, itaongezeka kama mafuta ya yule mjane? Nimjibu nini? Na nitajuaje kwamba funzo ninalolitoa limetoka kwenye kisa, halikutoka kichwani mwangu?"

Jibu:

Amina, ndugu yangu. Nianze na huyo mama, maana rejesho halisubiri Alhamisi.

Mwambie asiitoe hiyo hela. Sababu imo kwenye kisa chenyewe: mjane ana deni, mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, na mafuta ya chupa yake moja yanajaza kwa muujiza vyombo vingi alivyoazima. Tazama mstari wa 7. Mafuta yamekwisha kumiminwa, mjane anarudi kwa nabii Elisha, naye anamwagiza akayauze, alipe deni lake, kisha yeye na wanawe watumie kinachobaki. Kuuza, kulipa, kula. Katika mistari yote saba nabii haombi kitu, hapokei kitu, wala hatengewi hata kikombe kimoja. Hela ya rejesho ina mwenyewe tayari, na mtu hatoi sadaka kwa kilicho cha mwenzake. Paulo anaagiza Mkristo asiwiwe na mtu kitu chochote isipokuwa kupendana (Warumi 13:8). Yesu naye aliwakemea waziwazi watu waliotangaza mali yao kuwa wakfu kwa Mungu ili wakwepe kuwatunza wazazi wao (Marko 7:9-13). Akishalipa, na watoto wakala, kilichobaki ni chake. Akitaka kutoa humo na atoe. Biblia inasema utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya kile mtu alicho nacho, wala haidai asichokuwa nacho (2 Wakorintho 8:12).

Jambo moja la nje ya Biblia, ila linamhusu: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Mshaurini aombe kuoneshwa leseni na apate nakala ya mkataba, kabla hajaongeza mkopo wa pili wa kuziba wa kwanza.

Hilo la "toa kwanza ndipo upokee" halimo katika kisa mlichopangiwa. Mara nyingi huingizwa humo kutoka kisa cha jirani yake, mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17:8-16. Wahubiri wengi huvichanganya visa hivi viwili kwa sababu vyote vina mjane, nabii na mafuta. Kule Sarepta ni kweli Eliya alimwambia mama yule amtengenezee yeye kwanza mkate mdogo. Lakini tazama mazingira. Mungu alikuwa amemtuma Eliya kwenda kulishwa na mjane huyo huyo wakati wa njaa; alikuwa mgeni asiye na chakula. Ahadi ilikuwa na mipaka iliyotamkwa: unga hautaisha na mafuta hayatapungua mpaka siku Bwana atakapoleta mvua. Na nabii alikula pamoja na nyumba hiyo siku nyingi, hakuchukua mkate akaondoka nao. Kubwa zaidi ni kwamba Yesu mwenyewe alikifundisha kisa hicho pale Nazareti (Luka 4:25-26). Funzo alilolitoa ni kwamba walikuwako wajane wengi Israeli, na Mungu akamtuma nabii wake kwa mwanamke wa nchi ya Sidoni. Wasikilizaji walikasirika hata wakataka kumtupa kwenye ukingo wa kilima. Sadaka hakuigusa. Anayefundisha Sarepta kama kanuni ya kupanda mbegu hana budi kueleza kwa nini Bwana aliona jingine.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo lenye kazi.

Kabla ya kutafuta funzo

Chukua daftari, na siku ya kwanza usiandike funzo lolote. Haraka ya funzo ndiyo inayowaponza walimu wengi wa jumuiya: mtu amesoma mara moja, amepata "ufunuo" kwenye mstari wa tatu, na kuanzia hapo kila mstari unalazimishwa kuutumikia ufunuo huo.

Soma 2 Wafalme kuanzia sura ya 3 mpaka 8:6 kwa mkao mmoja. Haizidi nusu saa. Utaona kisa chako kimekaa wapi: mbele yake kuna vita vya wafalme dhidi ya Moabu, nyuma yake mwanamke wa Shunemu, sufuria ya mboga yenye sumu, mikate 20 iliyowashibisha watu 100, Naamani, kisha chuma cha shoka kilichozama, tena cha kuazima. Mwandishi anatoka ikulu anaingia jikoni, anarudi ikulu, anaingia jikoni tena. Hakuweka hivyo kwa bahati. Mungu anayeamua vita vya wafalme watatu anahangaika pia na deni la mama mmoja ambaye hata jina lake hatulijui.

Kisha soma mistari yako saba kwa Biblia ya Muungano na tena kwa Habari Njema, uandike orodha ya vitenzi tu: nani kafanya nini. Mjane analia kwa Elisha. Elisha anauliza maswali mawili, nikufanyie nini, na una kitu gani nyumbani. Anamtuma kwa jirani akaazime vyombo vitupu, visiwe vichache. Mjane anafunga mlango, wanawe wanamletea vyombo, yeye anamimina. Vyombo vinaisha, mafuta yanakoma. Anarudi kutoa habari. Anaagizwa kuuza na kulipa.

Baada ya orodha hiyo jiulize: Elisha yuko wapi mafuta yanapoongezeka? Hayupo. Mlango umefungwa, ndani kuna mama na watoto wake wawili. Nabii hakuyashika mafuta, hakuyawekea mikono, hakuuona muujiza, alisimuliwa. Mtu aliyesoma kwa kutafuta funzo la haraka huipita hali hii bila kuiona, na hapo ndipo kisa kinapojitofautisha na mengi yanayofanyika kwa jina lake leo.

Halafu tafuta sheria iliyokuwa ikitawala maisha ya watu hao. Ukisoma kisa cha Agano la Kale bila Torati unaona nusu ya tatizo. Mungu alikuwa amewaonya Israeli wasimtese mjane wala yatima, na akasema wakilia atasikia kilio chao (Kutoka 22:22-24). Mstari unaofuata unakataza kumtoza riba maskini. Kumbukumbu la Torati 15 inaagiza madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Walawi 25:39-43 inasema ndugu aliyejiuza kwa umaskini asitumikishwe kama mtumwa. Ipo pia Kumbukumbu 24:10-11, ambayo watu wa Dar es Salaam wataielewa bila kufafanuliwa: ukimkopesha jirani, usiingie nyumbani kwake kuchukua rehani, simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Wanaobeba luninga na friji za watu saa mbili usiku wamekatazwa zamani.

Kwa hiyo mtu anayekuja kuwachukua wale watoto wawili anakwenda kinyume na moyo wa sheria ya Mungu wake, katika nchi inayodai kumwabudu, na aliyeachwa mjane ni mke wa mmoja wa wana wa manabii, yaani wanafunzi wa manabii. Kama miaka mia moja baadaye Amosi alilalamika katika ufalme huohuo wa kaskazini kwamba maskini wanauzwa kwa jozi ya viatu (Amosi 2:6). Tabia haikuwa imekoma.

Hapa nakuonya kidogo. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anamtaja marehemu mume wa mjane kuwa Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu aliyewaficha manabii 100 mapangoni (1 Wafalme 18). Ni habari ya kuvutia, na utasikia wengine wakisema deni lilitokana na kuwalisha manabii hao. Biblia yenyewe haimtaji jina. Ukiipenda isimulie kama mapokeo, usiitundikie funzo.

Funzo lenyewe sasa

Andika sentensi moja inayomhusu Mungu, isiyozidi maneno ishirini. Mungu kwanza, mwanadamu baadaye, kwa sababu Mungu wa kisa kile ndiye huyu tunayemwomba leo, ilhali mjane, chupa na mkopeshaji ni wa zamani zao. Mimi ningeandika hivi: "Mungu husikia kilio cha mjane aliyebanwa na deni, naye hakubali watoto wageuzwe kuwa malipo."

Angalia kisichomo katika sentensi hiyo. Haisemi kwamba Mungu ataongeza mafuta ya kila mwenye deni. Alichokifanya siku ile alikifanya. Namna alivyo ndiyo inayodumu. Ukivichanganya viwili hivi utawaahidi watu kitu ambacho Mungu hakuwaahidi, na ahadi isipotimia watamlaumu yeye au wajilaumu wenyewe kwa imani haba. Waebrania 11 inatusaidia sana hapa. Sura hiyo inawataja waliofunga vinywa vya simba na waliozima nguvu za moto, na katika pumzi hiyohiyo, kuanzia katikati ya mstari wa 35, inawataja waliopigwa mawe na waliokatwa kwa misumeno. Wote wanashuhudiwa kwa imani yao. Mwalimu anayeishia mstari wa 34 amefundisha nusu.

Ukishapata sentensi yako, ijaribu. Kwanza, msikilizaji aweze kuweka kidole kwenye mstari unaoisema. Pili, iwe imesemwa waziwazi mahali pengine katika Maandiko; yangu inasimama juu ya Kutoka 22:23. Tatu, iweze kusemwa kwa mfungwa wa gereza la Segerea asiye na senti na bado ikawa habari njema kwake. Funzo linalofanya kazi kwa mwenye hela peke yake lina kasoro, na kwa kawaida ukifuatilia utakuta anayefaidika nalo ni aliyelifundisha.

Tuje kwa yale ya mafuta kuwa Roho Mtakatifu. Sikatai kwamba mafuta huhusishwa na Roho katika Biblia. Samweli alipompaka Daudi mafuta, roho ya Bwana ilimjilia kwa nguvu (1 Samweli 16:13). Swali ni kama mafuta ya kisa hiki ndivyo yalivyo. Lipo jaribio jepesi la kubaini: badilisha neno kila linapotokea, usome kisa chote mpaka mwisho. Ukifika mstari wa 7 utasoma, "Nenda ukamuuze Roho Mtakatifu, ulipe deni lako." Simoni mchawi alitaka kununua karama ya Mungu kwa fedha, na Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:18-20). Vyombo navyo vikiwa imani, basi mjane ameazima imani tupu kwa majirani. Tafsiri inayokufa mstari wa mwisho ilikuwa imekufa tangu mstari wa kwanza, ila mhubiri alikuwa bado hajafika huko. Mafuta haya ni mafuta ya mzeituni: ya kupikia, ya taa, ya kujipaka, na yana soko. Ndiyo maana yaliweza kulipa deni.

Tusimwonee mhubiri wenu, kosa hili ni la zamani na wamelifanya wakubwa. Agustino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alimfasiri mwenye nyumba ya wageni katika mfano wa Msamaria Mwema kuwa ni mtume Paulo. Yesu alikuwa ameulizwa "jirani yangu ni nani?", akalijibu hilo. Atakuja mtu akwambie Paulo mwenyewe aliwafanya Hajiri na Sara kuwa mfano wa maagano mawili (Wagalatia 4:21-31). Ni kweli. Lakini Paulo alikuwa amekwisha kulijenga fundisho lake kwa hoja katika sura ya 3. Mfano ulikuja kuangazia kilichokwisha kusimama. Wengi wetu huanza na mfano, kisha fundisho lote likauning'inia.

Hatari nyingine tatu nizitaje kwa haraka, utakutana nazo wiki zijazo.

Kuna kujifanya shujaa kila mara. Kwenye 1 Samweli 17 sisi sote ni Daudi, na Goliathi ni mama mkwe, mwenye nyumba au bosi. Nani basi ni lile jeshi lililotetemeka kwa siku 40? Huko ndiko wengi wetu tulipo, tukihitaji mwingine aende kupigana kwa niaba yetu. Yale mawe matano, ambayo watu wameyapa majina ya kila aina, maandiko hayayapi maana yoyote. Daudi alitumia moja, na funzo akalitamka mwenyewe katika mstari wa 46 na 47, kwamba dunia ijue yuko Mungu katika Israeli na kwamba vita ni vya Bwana. Mhusika anapolitamka funzo kwa kinywa chake na kisa kikamthibitisha, umerahisishiwa kazi.

Kuna kulichukulia kila tendo lililosimuliwa kuwa agizo. Gideoni alitandika ngozi ya kondoo (Waamuzi 6:36-40), na leo watu huomba "ishara ya ngozi" kuhusu kazi na wachumba. Gideoni alikuwa amekwisha kuambiwa na Mungu la kufanya, amekwisha kupewa ishara ya moto kwenye mwamba, na alipoomba mara ya pili alisihi hasira isimwakie. Ule ni uvumilivu wa Mungu kwa mwoga, hakuna mahali tulipoagizwa tuufanye utaratibu. Wakati mwingine mwandishi hutoa hukumu waziwazi, kama anapomaliza habari ya Daudi na Bathsheba kwa kusema jambo lile lilikuwa baya machoni pa Bwana (2 Samweli 11:27). Mara nyingi hasemi, anaacha matokeo yaseme. Fuatilia matokeo.

Na kuna kukata kisa katikati. Mjane wa senti mbili (Marko 12:41-44) husomwa sana wakati wa changizo. Mistari mitatu kabla yake Yesu anawashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Anayemsoma mjane na awasome pia wale wanaomla.

Alhamisi yenyewe

Kwa watu kumi na tano, dakika 50 zinatosha. Mistari saba husomwa kwa sauti kwa dakika moja na nusu. Wape wasomaji wawili, mara mbili. Dakika 10 waulize wameona nani kafanya nini, na usikubali jibu la "hii ina maana kwamba" katika kipindi hicho. Dakika 10 eleza sheria za deni na mjane. Zinazobaki, karibu nusu saa, ziende kwenye maisha. Wengi hufanya kinyume: maelezo dakika 40, maisha dakika tano za mwisho watu wakiwa wanatafuta viatu mlangoni.

Katika maisha usiwatazame wadaiwa tu. Kisa kina watu wa aina nne na wote wamekaa kwenye mikeka yenu.

Kuna majirani. Hawakuchangia hela, waliazimisha vyombo vitupu, madumu na mitungi ya kawaida, na bila hivyo mafuta yasingekuwa na pa kuingia. Jumuiya yenu iulizane ina vyombo gani: nani ana friji ya kugandishia barafu za mwenzake, nani ana kibaraza cha kuweka meza ya biashara, nani anajua kusoma mkataba wa mkopo na kuhesabu riba yake, nani anaweza kukaa na mtoto asubuhi mama akienda Feri kuchukua samaki. Haya yaandikwe karatasini kabla ya sala ya kufunga, jina na kitu, la sivyo yataishia kwenye "amina".

Kuna vijana. Watoto wale ndio waliokuwa wauzwe, na ndio waliomletea mama vyombo mpaka vikaisha. Kijana anayeona marejesho ni shida ya mama peke yake ana la kujifunza kwao.

Kuna mwenye deni, na hapa uwe mwangalifu. Swali la Elisha, una kitu gani nyumbani, lilikuwa la watu wawili. Usilitupe mbele ya watu kumi na tano, wala usimwombe mtu asimame ataje deni lake. Aibu ya deni huwafanya watu wahame jumuiya, wengine wahame hata mtaa. Sema kwamba baada ya kipindi wewe na mama mmoja mwaminifu mtabaki, anayetaka aje. Akija, anzeni pale alipoanzia nabii: alichonacho, hata kama ni chupa moja. Orodhesheni madeni yote kwa tarehe na kiasi, lipi lina riba kubwa, lipi linaweza kuombewa muda. Usimwambie mafuta yalikoma kwa sababu imani yake ni ndogo. Mafuta ya mjane yalikoma vyombo vilipokwisha, na hakuna neno la lawama pale. Yalitosha deni na yakabaki ya kula.

Wa nne ndiye hupitwa na walimu wote: mkopeshaji. Dar es Salaam hii, anayetoa mikopo ya kausha damu anaweza kuwa mshirika wenu mzuri, pengine ndiye anayechangia jenereta la kanisa. Mfungulie Nehemia 5:1-13. Watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba, na watoto wao wanatiwa utumwani. Nehemia anawaita wakuu kwenye mkutano, anakiri kwamba yeye na watu wake pia wamekopesha, anadai riba iachwe na mashamba yarudishwe siku hiyohiyo, kisha anawaapisha mbele ya makuhani. Kama kwenu yupo mtu wa namna hiyo, nenda kwake mapema wewe mwenyewe, faragha kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza. Asije akalisikia kwa mara ya kwanza kikaoni akadhani mmempangia.

Na Kristo? Usimchomeke mwishoni kwa nguvu. Njia ipo: Mungu aliyesikia kilio cha mjane yule ndiye aliyekutana na mjane mwingine penye lango la mji wa Naini, akamhurumia kabla hajaombwa, akamrudishia mwanawe (Luka 7:11-15). Wapo wanaoruka moja kwa moja kwenye deni la dhambi na hati iliyogongomewa msalabani (Wakolosai 2:14). Si vibaya, ni kweli tupu, ila fanya hivyo baada ya kulizungumzia deni la hela kwa uzito wake. Ukiruka mapema, mwenye rejesho la Ijumaa atahisi umemkwepa.

Wiki inayofuata endeleeni na mwanamke wa Shunemu, 4:8-37, halafu 8:1-6 ambapo anarudishiwa nyumba na shamba lake. Kuna sehemu moja ya kuandaa vizuri: mstari wa 16, ahadi ya kumkumbatia mwana wakati kama huo mwakani. Kama kuna mama kwenu anayesubiri mtoto, usiruhusu mtu amwelekezee mstari huo kana kwamba umeandikwa kwa ajili yake. Mshunami hakuwa ameomba mtoto. Alipoulizwa atendewe nini, alijibu kwamba anakaa kati ya watu wake mwenyewe. Na mtoto yule alipokufa, nabii alikiri kwamba Bwana amemficha jambo hilo (mstari wa 27). Waanzishie mazungumzo hapo, kwenye nabii asiyejua.